Breki Zilikuwa Mpya, Mjomba

Mpendwa Mjomba,

Najua barua hii haitakufikia ikiwa imefungwa. Wataifungua langoni, na kwa kuwa wewe hukupata kusoma, askari mmoja atakaa akusomee kwa sauti, na wenzako wa chumba watatega masikio. Ndiyo sababu nimeiandika kwa Kiswahili, si kwa Ekegusii yetu ya nyumbani. Nataka isikiwe na kila mtu. Bwana askari unayesoma, nakuomba usiruke mahali popote, hata pale panapotia aibu. Aibu ni yangu mimi.

Mjomba, nilisema uongo. Polisi aliniuliza kama breki za lori zilikuwa na kasoro nikasema sijui. Nilijua. Nilijua tangu Ijumaa, na wewe ulijua kwamba nilijua, na mahakamani hukunitaja hata mara moja. Ulisimama kizimbani na lile jicho lililofumba ukasema, "Kosa ni langu peke yangu." Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, kando ya Baba.

Kabla sijafika huko, niruhusu nikumbuke kidogo. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa ndani ya lori kule Gesima, tukingoja ndizi zipakiwe? Ulikuwa unaniita Mwalimu, ingawa nilikuwa naogopa hata kumwamkia karani wa soko. Ulikuwa unaninyooshea gazeti la juzi lililofungiwa nyama na kusema, "Wee Mwalimu, hiyo gazeti imesema nini? Serikali imeanguka?"

"Haijaanguka, Mjomba."

"Basi soma mpira."

Nami nilisoma mpira, ingawa nusu ya matokeo ilikuwa imelowa damu ya ng'ombe. Kiswahili chako kilikuwa cha barabarani, cha Nakuru na Mombasa, na ulicheka changu ukisema naongea kama Biblia. Mtihani ulipokaribia ulikataa kabisa kusema nami Ekegusii. "Leo mimi ni Mswahili," ulisema, "na ukinijibu kwa lugha ya mama yako nakushusha utembee." Ulinishusha kweli mara moja. Ulikwenda hatua ishirini hivi, ukasimama, ukapiga honi mpaka ng'ombe wa watu wakatoroka.

Lori lenyewe lilikuwa limezeeka kuliko mimi. Baba alilinunua kwa Mzungu mmoja wa upande wa Sotik aliyekuwa akiuza kila kitu arudi kwao. Mlango wa kulia ulifungwa kwa waya. Wewe tu ndiye uliyejua kuliwasha asubuhi ya baridi, na wewe ndiye uliyemwambia Baba kwamba breki za mbele zimekwisha na kwamba mlima wetu hausamehe. Baba alikubali. Hilo lazima niliseme, kwa sababu nataka kusema yote. Alikubali, na Ijumaa akaenda Kisii mwenyewe kununua nyingine.

Alirudi saa kumi na nusu. Ulikuwa umeshaliinua lori kwa jeki kando ya ghala la ndizi na kuvua magurudumu ya mbele. Ulifungua kile kisanduku cha karatasi ukatoa shuu moja ya breki, kile chuma kilichopinda kama mwezi mchanga, chenye kipande kigumu juu yake cha kusugua drami, lile bakuli la chuma la ndani ya gurudumu. Uliigeuza. Uliinusa. Kisha ukaniita.

"Mwalimu, kuja hapa. Weka ukucha."

Niliweka ukucha kwenye ukingo, mahali kile kipande kigumu kinapokutana na chuma. Ukucha uliingia. Uliingia mpaka nyama ya kidole ikagusa.

"Ile ya zamani imepigwa ribiti," ulisema ukinionyesha vile vichwa vya misumari ya chuma. "Hii wamebandika na gundi tu, kama stempu. Na hiyo gundi yenyewe imeshaachia kabla gari kutembea."

Ulizitoa zote nne. Mbili zilikuwa hivyo. Ukamwendea Baba, aliyekuwa ananawa miguu kujiandaa kwa Sabato.

"Shemeji, hizi mbaya. Tuzirudishe."

"Mbaya? Zimetoka dukani leo. Hata vumbi hazina."

"Mpya ni mpya, lakini hazitashika. Drami ikipata moto hii kitu itabanduka."

"Wewe ni fundi au ni dereva?"

"Ni mimi nitakuwa ndani, shemeji."

 Baba alilitazama jua. Mjomba, wewe ni Mkatoliki na hukuwahi kuelewa jinsi sisi Wasabato tunavyolitazama jua la Ijumaa. Mama huwa ameshamaliza kupika chakula cha kesho, maji yamechotwa, kuni zimepasuliwa, nguo zimepigwa pasi. Likizama, hakuna mkono unaogusa kazi. Na Baba alikuwa mzee wa kanisa. Lori lililosimama juu ya jeki bila magurudumu, mbele ya njia wanayopita waumini kwenda ibadani, kwake lilikuwa kama mtu aliyesimama uchi.

"Funga," alisema. "Jua lisinikute hivi."

"Tuweke basi zile kuukuu. Bado zina nyama kidogo. Nitateremka polepole na gia ya kwanza."

"Nimesema funga hizo mpya."

Ukazifunga. Gurudumu la mwisho lilikaa jua likiwa juu ya kilima kama upana wa kiganja. Hakukuwa na wakati wa kulijaribu lori mlimani.

Jumamosi tulikwenda kanisani. Tuliporudi saa saba mchana tulikuona kutoka mbali: miguu yako ilikuwa imetokeza chini ya lori. Gurudumu moja lilikuwa limelala majanini, na zile shuu kuukuu ulikuwa umezipanga juu ya gunia tayari kuzirudisha. Nilielewa mara moja. Ulidhani, kwa kuwa Sabato si yako, mikono yako iko huru.

Baba alisimama. Alinipa Biblia yake nimshikie. Alivua kofia, akaiweka juu ya Biblia, kwa utaratibu, kama mtu anayetaka kunawa. Kisha akakushika vifundo vya miguu akakuburuta. Kichwa chako kiligonga chuma. Kabla hujainuka alikuwa ameshaokota ile wilispana, chuma cha kufungulia magurudumu, na ya kwanza ilikupata begani.

"Ndani ya ua wangu! Siku ya Bwana! Watu wakipita!"

"Shemeji, nitaua watu na hii kitu!"

Ya pili ulikinga kwa mkono na nikasikia kiwiko. Sijui namna ya kuandika sauti ile. Ilikuwa kama muwa unaovunjwa gotini. Kwetu ndugu wa mke ni mtu wa heshima, akija anachinjiwa kuku, na mtu hamwinulii hata sauti. Baba alikupiga mpaka suti yake ya kanisani ikapasuka kwapani. Majirani walisimama njiani na Biblia zao na hakuna aliyeingia. Mama alikuwa mlangoni ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Na mimi nilikuwa nimeshika Biblia na kofia, nikiangalia nisiviangushe.

Alipochoka, alisema kwa sauti ya chini ambayo sisi wa nyumbani tuliisikia: "Jua likizama utazirudisha mpya. Na kesho utaendesha. La sivyo, dada yako ashike njia ya kwenu, na watoto abaki nao mwenye boma."

Ulimtazama Mama. Jioni ulizirudisha kwa mkono mmoja, ule mwingine umevimba kama mtungi.

Jumapili nilikuwa narudi bweni, kwa hiyo nilipanda nawe. Nataka hili lisomwe polepole: Mjomba hakunywa pombe. Jumamosi usiku alilala ghalani akiugulia mkono. Asubuhi alikunywa uji, ule nilioukoroga mimi, vikombe viwili. Hakukuwa na kitu kingine.

Ulianza mlima kwa gia ya pili. Ulikanyaga breki mara ya kwanza, zikashika. Ulinitazama ukainua nyusi, kama kusema labda Baba yako alisema kweli. Mara ya pili zikashika lakini usukani ukavutwa kushoto. Nilisikia harufu, kama nywele zinazoungua. Mara ya tatu kitu kilipasuka kwenye gurudumu la kushoto, chuma kikapiga kelele juu ya chuma, na mguu wako ukaenda mpaka chini.

"Kaa chini, Mwalimu. Kaa chini kabisa."

Ulinisukuma kichwa chini ya dashibodi kwa ule mkono mbovu. Nilikusikia unalia kwa maumivu na unatukana gia. Gia ilikataa, ikakubali, ikaruka. Honi haikunyamaza. Niliinua macho mara moja tu, na nilichokiona ni soko dogo lile la kabla ya daraja, na katikati ya barabara watoto wamevaa nguo nyeupe wanatoka Misa wakiwa wameshikana mikono. Ulikata usukani. Uliukata kwa uzito wako wote, ukasimama juu yake, na lori likawaacha watoto likaingia kwenye ndizi.

Mama mmoja alikuwa ameinama akipanga mikungu. Nilijua baadaye kwamba aliitwa Moraa na alikuwa na mtoto wa kunyonya aliyemwacha nyumbani siku hiyo. Tulimbeba na meza yake mpaka ukuta wa kinu cha posho, akafia hapo. Kioo chote kilikuja ndani. Ndizi ziliendelea kuanguka juu ya paa muda mrefu baada ya kila kitu kusimama, pu, pu, pu.

Kila dereva anajua la kufanya, na wewe uliwahi kuniambia mwenyewe. Ukigonga mtu sokoni, unakimbia. Unakimbia bila kutazama nyuma mpaka kituo cha polisi, hapo ndipo unaposema pole. Mlango wako ulikuwa umefunguka. Nyuma ya kinu kulikuwa na shamba la mahindi na hakuna mtu aliyekuwa ameshapata akili. Ungeweza kufika. Lakini sanduku langu la vitabu lilikuwa limenibana mguu, nami nikapiga kelele, "Mjomba, usiniache."

Ukarudi. Ulikuwa unalivuta sanduku walipokushika.

"Amelewa! Mtazameni macho!"

"Mnuseni!"

"Hakuna haja ya kumnusa, ni yule Mkatoliki wa mzee wa kanisa, nani hamjui!"

Mawe yalikuja kwanza. Kisha fimbo za kufungia mizigo. Mzee mmoja aliyevaa tai alikupiga kwa mwavuli mpaka ukabaki chuma kitupu, akaendelea na chuma. Mwanamke alipanda kifuani pako kwa miguu yote miwili. Kijana mmoja alitumia jiwe la mizani, na hapo ndipo jicho lilipokwenda. Nilitambaa juu ya vioo nikasema, "Ni breki, ni breki," lakini sauti yangu ni ile unayoijua, hata darasani mwalimu huniambia nirudie. Hakuna aliyesikia. Nilisema mara tatu. Mara ya nne sikusema.

Polisi alipokuja na bunduki wakakuachia. Baba alifika kwa baiskeli ya watu, amevaa ile suti iliyopasuka. Hakukutazama wewe, hakunitazama mimi. Alikwenda kwenye gurudumu la kushoto, ambalo drami yake ilipasukia ukutani, akachuchumaa, akaingiza mkono, akatoa kipande kilichobanduka pamoja na shuu yake na kuvitia ndani ya koti. Nilimwona. Jioni ile nilimwona tena akivitupa chooni.

Alimwambia polisi, "Afande, breki nilinunua juzi. Ziko mpya. Risiti hii hapa. Mtu huyu hunywa."

Polisi akanigeukia. "Wewe mtoto. Breki zilikuwa na shida?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa na uso wa jana, ule alioutumia kuvua kofia.

"Sijui," nilisema.

Basi. Neno moja. Wengine husema uongo mrefu, mimi ulinitosha huo. Hakimu alikupa miaka mitano, na karani aliandika kwamba gari lilikuwa na breki mpya.

Sasa nikueleze nilivyo. Nilirudi shuleni na mguu uliofungwa. Nilisoma sana. Nilishika nafasi ya pili. Watu walinisifu kwa upole wangu. Kisha msichana mmoja wa bweni letu, wakati wa chai, aliigiza mlevi anayeendesha lori. Alipepesuka, akafanya honi kwa mdomo, wenzake wakacheka, na mmoja akasema, "Mwache, huyo ni mjomba wa yule mpole." Nilisimama nikampiga kwa kikombe cha bati. Nilimpiga mdomoni mara nyingi, naye alikuwa ameshaanguka. Meno mawili yalitoka. Waliponishika mikono nilikuwa nimetulia kabisa, Mjomba. Nilikuwa nimeanza kwa kuweka kitabu changu pembeni, kisipate chai. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliogopa kuliko siku ya lori. Nilijua niliona wapi mtu akiweka vitu pembeni kwa utaratibu kabla ya kupiga.

Walinirudisha nyumbani wiki tatu. Siku ya pili nilimwambia Mama jikoni. Nilimwambia yote, ukucha, gundi, chooni. Alikuwa anachambua mboga na hakuacha kuchambua. Aliuliza jambo moja tu: "Aliendesha kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa lile neno la kunirudisha kwetu, akaendesha?"

"Ndiyo."

Hatukujua kwamba Baba yuko nje ya dirisha. Aliingia akiwa ameshavua mkanda. Safari hii hakuweka chochote pembeni. Alinipiga kwa upande wa chuma, kichwani na mgongoni, akisema kila pigo, "Unataka nifungwe? Unataka nifungwe?" Na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa. Nilianguka karibu na moto, nywele zikashika. Mama alinizima kwa maji ya mboga. Kisha akachukua jembe nyuma ya mlango na kumpiga nalo Baba mguuni.

Hakumpiga kwa mpini. Baba alikaa chini akaushika mfupa wake. Mama alisimama juu yake, jembe limeinuliwa, na nilidhani atamaliza. Alisema, "Yule ni mtoto wa mama yangu." Akalitupa jembe nje, akanishika mkono, tukatoka tukiwa hatujafunga hata mlango.

Tulitembea mpaka Nyamira. Damu ilikuwa imenikaukia shingoni na watu wa njiani walitupisha. Katika ofisi ya polisi tulimkuta mkaguzi mmoja, mtu wa pwani, mpole. Alitupa maji. Nilidhani sauti yangu itaniangusha tena. Ilikuwa ndogo vilevile, lakini chumba kile kilikuwa kidogo pia, na mtu mwenyewe alikuwa amenyamaza akiandika. Niliongea kwa saa mbili. Mara kwa mara alisema, "Rudia, binti," nami nilirudia. Mama aliweka kidole gumba chini ya maneno yake kuhusu wilispana na tisho la kumrudisha kwao. Mkaguzi alisema watatuma watu na kamba na ndoo kule chooni, na watakwenda dukani Kisii kuuliza kama kuna wengine walionunua vile visanduku. Hakuahidi kitu. Alisema hukumu iliyokwisha kutolewa ni ngumu kuifungua, lakini hufunguliwa.

Kisha akaweka kalamu chini.

"Unafahamu," aliuliza, "kwamba haya unayosema yanaweza kumpeleka baba yako pale alipo mjomba wako?"

Nilisema nafahamu. Akanisogezea karatasi nikatia sahihi.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Sasa tuko kwa Nyanya, kwenu, na Mama anachuma majani ya chai kwa majirani. Mgongo wangu umeanza kupona. Baba hajaja kututafuta. Nasikia anatembea kwa fimbo, na kwamba Sabato iliyopita hakwenda kanisani, alikaa mbele ya nyumba na kofia mapajani. Namchukia, Mjomba. Pia alinibeba mgongoni mpaka hospitali nilipokuwa na surua, na hilo nalo siwezi kulifuta, nimejaribu.

Sikuombi unisamehe kupitia mdomo wa mtu mwingine. Ukitoka utaniambia mwenyewe unavyoniona, nami nitasimama nisikie.

Nina ombi moja tu. Huko ndani nasikia watu hulala wakiwa wamebanana, na mgeni hana mtu. Siku wakimleta, ataingia akiwa anachechemea, na atakutafuta kwa macho kwa sababu ni wewe tu atakayekujua. Sikuombi umpe nafasi ya kulala wala chakula chako. Kama wengine watataka kumpiga, hilo ni lao. Lakini wewe, Mjomba, usimpige.

Ubaki na afya, na jicho lililobaki lisiumwe.

Mpwa wako, mtoto wa dada yako